Kipakiti cha Pili

Kwenye kidirisha cha chumba cha maziwa palibandikwa karatasi: TAFADHALI USIZUNGUMZE NA MTAYARISHAJI AKIWA KAZINI. Fundi rangi aliisoma kila siku kwa siku kumi na tisa, na tangu siku ya kwanza alikuwa ameshaitolea hukumu: wino umepauka, herufi zimelala upande kama walevi, na aliyeiandika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kuitii, hilo lilikuwa shauri jingine. Mungu alimpa mikono ya kufanyia kazi na ulimi wa kusumbulia watu, na kati ya hivyo viwili, ulimi ndio usiojua kuchoka.

Wodini walimwita Baba Kilo, maana binti yake alizaliwa na gramu mia tisa na themanini, miezi miwili na nusu kabla ya siku zake, akajikokota hadi kilo moja na gramu ishirini, kisha akagoma hapo hapo kama punda aliyeona daraja. Siku nne mfululizo mizani ilisema neno lile lile. Mtoto alilazwa ndani ya kisanduku cha joto, mrija mwembamba ukiingia puani mpaka tumboni, kofia ya sufi ikimshuka machoni. Siku ya kwanza baba yake alisimama mbele ya kioo, akamtazama, akasema, "Huyu hajaja. Huyu ametuma mwakilishi." Akina mama waliokuwa wakikamua maziwa pembeni walicheka mpaka vikombe vikatikisika mikononi.

Lakini asidanganyike mtu na vicheko. Fundi rangi alikuwa anaogopa. Aliogopa kama mtu aliyekabidhiwa yai akaambiwa apande nalo ngazi gizani. Ila alikuwa amelelewa kwa kuhamishwa, mwaka huu kwa shangazi huyu, mwaka ujao kwa mjomba yule, na huko alijifunza kwamba hofu ukiichekea usoni hujifanya haikujui, ikapita. Haiendi mbali, lakini hupita.

Daktari wa watoto, mwanamke mfupi wa sauti ndogo, ndiye aliyemweleza habari ya unga. Maziwa ya mama hayana mfano, alisema. Kwa utumbo wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ndiyo dawa yenyewe. Tatizo ni kwamba mtoto huyu ameondoka tumboni kabla hajamaliza kupewa chake. Mifupa yake laini, tumbo lake dogo, huwezi kumjaza zaidi ya mililita kumi na mbili kila baada ya saa tatu. Basi badala ya kuongeza maziwa, unaongeza nguvu ndani ya maziwa yale yale: mililita ishirini na tano, kipakiti kimoja cha unga.

"Kimoja," daktari akasema, akainua kidole. "Si kimoja na chenga. Utumbo wake ni kama ngozi ya kitunguu. Maziwa yakiwa mazito kupita kipimo, tumbo linaweza kuvimba, na likivimba vibaya, utumbo unaoza. Tukifika huko, mimi nitabaki naomba Mungu kama nyinyi."

Fundi rangi alikitazama. Kikamganda akilini.

Mkewe alikuwa ghorofa ya juu, wodi ya wazazi, mshono wa upasuaji umefumuka na kutunga usaha. Kushuka alikuwa hawezi, ndiyo maana maziwa yalibebwa na mume. Alipopelekewa na mumewe habari ya unga, aliinua kichwa kwenye mto.

"Yaani maziwa yangu mepesi?"

"Si mepesi, mama. Ni mtoto ndiye—"

"Kwetu hajawahi kutokea mwanamke akaambiwa maziwa yake yanataka kusongwa."

Kisha akakamua. Homa ilikuwa imemkausha. Mililita ishirini na tano zile alizianza alfajiri, akazimaliza saa nne, tone moja moja, meno ameyauma, mkono mmoja titini na mwingine umeshikilia mshono. Alipompa mumewe kikombe, hakukiachia mara moja.

"Usimwage hata tone. Ukimwaga nitajua, hata nikiwa huku juu."

Fundi rangi alishuka ngazi thelathini na sita akiwa amekikumbatia kikombe kile kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kaa la moto.

*

Chumba cha maziwa kilikuwa na meza ya chuma, sinki, jokofu, na boksi la vipakiti vyeupe. Ndani yake alitawala Bi Kipimo. Alikuwa mama mnene mwenye vidole vyembamba, zamani mpishi wa jiko la hospitali, akafundishwa kazi ya maziwa na sasa ana miaka kumi na moja nayo. Ilisemekana nyumbani kwake hata chumvi huisawazisha kwa kisu kabla ya kuitia mchuzini.

"Shikamoo, Bi Kipimo."

"Marahaba, Baba Kilo. Lete mali." Akapokea kikombe kupitia kidirishani, akamimina kwenye chupa yenye mistari, akainama macho yakalingana na mstari. "Ishirini na tano kamili! Mwambie mama ana mkono wa dhahabu."

Pembeni mwa meza zilisimama chupa mbili za watoto wengine, zimeshafungwa vifuniko na kubandikwa karatasi. Bi Kipimo akavaa glavu mpya, akageukia meza. *Chwaa.* Kitu kikachanika.

Hapo ndipo ulimi ulipomwasha.

"Kule juu kumechafuka," fundi rangi akasema. "Mwenzangu amenuna. Anasema mtoto akinenepa, sifa zitakwenda kwenye unga. Akikonda, lawama zitabaki kwenye titi."

Bi Kipimo akaanza kutikisika mabega. "Mwambie titi ndilo nyumba. Mimi napiga rangi tu."

"Ee! Sasa unaniingilia kwenye kazi yangu!"

Basi hapo mama wa watu akashindwa. Alicheka akaushika ukingo wa meza, akageuza uso upande ingawa alikuwa amevaa barakoa, akajifuta machozi kwa mkono wa joho. "Utaniua, wewe mwanamume. Utaniua na sijalipwa kiinua mgongo." Akavuta pumzi. Akarudi mezani. Akachukua kipakiti. *Chwaa.* Akakimimina chupani, akakigonga kwa kidole ili chenga zote zianguke, akakanyaga pedali ya pipa la taka, akakitupa.

Kicheko kilibaki usoni mwa fundi rangi kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Viwili?

Bi Kipimo alikuwa anaitikisa chupa taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma. Akafunga kifuniko, akabandika karatasi, akampa sista aliyekuja kwa mlango wa ndani. Kisha akavuta kidirisha, kikafunga.

Fundi rangi aliinua mkono agonge. Macho yake yakaangukia ile karatasi: TAFADHALI USIZUNGUMZE. Siku kumi na tisa aliivunja amri ile. Siku aliyotakiwa kuivunja ndiyo siku aliyoitii. Akaushusha mkono, akaenda kukaa kwenye benchi la korido.

*

Mtu mwingine asingesikia kitu. Lakini huyu kazi yake ni kuchanganya. Pale duka la rangi alipofanya kazi, mteja alikuja na kitambaa cha mto akasema, "Nataka ukuta wa hivi," na fundi akachukua ndoo ya rangi nyeupe akaanza kutia matone ya rangi kali: matatu ya hii, moja la ile. Na alijua jambo moja kuliko watu wote waliokuwa katika jengo lile: kosa la mchanganyaji haliji akiwa amelala. Linakuja akiwa ameitwa jina katikati ya kazi, akageuka, akajibu, akarudi. Mkono unakumbuka kwamba ulikuwa unataka kutia; haukumbuki kwamba umeshatia.

Mwaka mmoja mteja mcheshi alimpigia soga, naye akatia buluu mara mbili. Ndoo mbili kubwa ziliharibika. Mpaka leo choo cha nyumbani kwake ni cha buluu iliyoiva kama wino, na banda la kuku vilevile, na kuku wenyewe wanaonekana kama wana msiba. Tangu siku hiyo alijiwekea desturi: chupa ya rangi ikishatoa tone lake, anailaza kifudifudi pale pale mbele ya ndoo. Iliyosimama, bado. Iliyolala, tayari. Mtu amwite apendavyo.

Bi Kipimo hakulaza. Bi Kipimo alitupa.

Au la? Alianza kujitetea mwenyewe ndani ya kichwa chake. Glavu! Alivaa glavu mpya. Pakiti ya glavu nayo ni ya karatasi, nayo ikichanwa hulia *chwaa*. Lakini glavu alivaa kabla. Au alivaa baada? Alikuwa akitazama nini yeye wakati ule? Alikuwa akimtazama usoni aone kama mzaha umeingia.

Na akisema? Akisema, maziwa yatamwagwa. Yote. Asubuhi nzima ya mkewe itakwenda kwenye sinki, labda kwa sababu ya pakiti ya glavu.

Tena isingekuwa mara yake ya kwanza kupiga kelele. Siku ya kumi na mbili aliona taa nyekundu juu ya kisanduku cha joto, akapiga ukelele uliomleta mlinzi wa getini mbio na rungu mkononi. Kumbe waya wa kidole cha mguu ulikuwa umechomoka. Mtoto amelala zake. Tangu hapo sista alimwita King'ora, na alimwambia bila kucheka: "Baba, ukinililia bure mara ya pili, mwanao utamwangalia kutokea mtaani."

"Baba Kilo," mama wa mapacha aliyekaa benchi lile lile akamwambia, "leo mbona kimya? Siku hizi maneno yanapimwa kwa kijiko?"

"Nimeyaweka akiba," alijibu, na sauti ilitoka nyembamba mpaka yule mama akamgeukia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika sita. Kupitia kioo kikubwa cha wodi alimwona sista akiiweka ile chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kidogo, ipate joto la mwili. Fundi rangi alijisemea atahesabu mpaka kumi, na kama moyo utatulia, basi ni glavu. Akafika saba. Kidole cha daktari kikamsimamia mbele ya macho: *kimoja*.

Akainuka.

*

Sheria ya wodi haikuwa na mjadala: hakuna kuingia bila kunawa mpaka viwiko na kuvaa joho. Mkono mchafu nao huua njiti, tena bila kuchelewa. Kwa hiyo alikimbilia kwenye beseni, akafungua bomba, na bomba, kwa ukatili wa vitu visivyo na roho, likatoa maji membamba kama machozi ya mnafiki.

Akapaka sabuni. Akasugua. Akainua macho.

Sista alikuwa amefungua dirisha dogo la kisanduku cha joto. Amechukua bomba la sindano lisilo na kisukumio, ameliunganisha na mrija, amelishika juu. Alikuwa anamimina. Maziwa yalisimama ndani ya bomba lile, meupe, halafu yakaanza kushuka yenyewe, polepole, bila kusukumwa na mtu.

"Sista!"

Kioo kilikuwa kinene.

"Sista! Simamisha!" Akagonga kioo kwa kiwiko, povu likaruka, akagonga tena. "Shika mrija! Shika mrija, nakuomba!"

Wodi nzima iligeuka. Mama mmoja akaficha kifua chake. Sista alimtazama, uso umekunjamana kama karatasi, na kabla hajaamua kama atakasirika, vidole vyake vilishaufinya mrija. Hiyo ndiyo tofauti ya sista mwema na mwenye majivuno: vidole vyake havingoji hasira iishe.

Alipokuja mlangoni, akiwa amemwachia mwenzake bomba, alisema kwa sauti ya chini, "Nini tena, King'ora?"

"Vipakiti viwili. Nimesikia viwili. Nilikuwa namchekesha, akageuka, akarudi, akachana tena. Sina hakika. Lakini nimesikia viwili."

"Huna hakika?"

"Sina." Povu lilikuwa linamchuruzika kwenye viwiko. "Nifungie nje ukitaka. Lakini usimpe."

Zilikuwa zimeshapita mililita nne.

*

Sista akawaita. Bi Kipimo alikuja akifuta mikono, daktari nyuma yake. "Nani? Mimi? Miaka kumi na moja mimi natia vipakiti, nitie viwili?" Alisema hivyo mara mbili, ya kwanza kwa sauti, ya pili kama anajiuliza. Fundi rangi aliona macho yake juu ya barakoa yakirudi nyuma, yakitafuta kitu mezani asubuhi ile, yasikione.

"Twendeni tukahesabu," daktari akasema.

Walisimama wanne katika chumba kile chembamba. Chupa tatu tu zimetayarishwa leo, kila moja kipakiti kimoja. Vitatu. Bi Kipimo alivaa glavu, akachukua mfuko wa pipa, akaumimina kwenye sinia la chuma. Karatasi za glavu, vitambaa vya kufutia, pamba. Akaanza kuokota vipakiti vitupu akivipanga.

"Kimoja. Viwili." Akatafuta. "Vitatu."

Akapekua taka zote. Hakukuwa na kingine. Sista alimtazama fundi rangi, na fundi rangi aliona sinki, aliona mkewe amejishika mshono, aliona maziwa yamesimamishwa bure, na pamoja na hayo yote akahisi raha ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Vitatu! Aitwe King'ora mpaka kaburini, ni vitatu!

Bi Kipimo aliukunja mfuko mtupu. Halafu akasita. Akaufungua tena, akauinua kwenye mwanga. Chini kabisa, kwenye kona, kipakiti cheupe kilikuwa kimenata kwa unyevunyevu.

Akakibandua, akakilaza kando ya vile vitatu.

"Vinne," akasema Bi Kipimo.

Akaenda kwenye boksi lililofunguliwa asubuhi ile likiwa na vipakiti hamsini, akahesabu vilivyobaki, kimoja kimoja, ingawa kila mtu alishajua. Arobaini na sita. Akaketi kwenye kiti cha plastiki kana kwamba amekatwa miguu.

"Mimi ndiye niliyekuchekesha, mama," fundi rangi akasema.

"Kinywa ni chako, baba. Mkono ni wangu." Alikuwa analia sasa, bila sauti. "Ningemuua mtoto wa watu huku nacheka."

"Hakuna aliyekufa," daktari akasema. "Tusilie kabla ya siku."

Akatoa maagizo. Sista alivuta kwa upole kupitia mrija ule ule, yakarudi mililita mbili. Nyingine mbili zilikuwa zimeshakwenda zake. Akazungusha utepe wa kupimia tumboni kwa mtoto: sentimita ishirini na mbili. Tumbo litapimwa kila saa. Tumbo likipanda, likiwa gumu, akitapika kijani au ikionekana damu kwenye nepi, aitwe daktari, hata kama yuko chooni. Mlo wa saa nane atapewa maziwa matupu.

Fundi rangi alikuwa akiitazama ile chupa. "Daktari. Samahani. Sisi rangi ikikolea tunaizimua. Tukiongeza maziwa matupu mara mbili, si yatarudi kwenye kipimo?"

Daktari alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza. "Maziwa hayo ya kuongeza unayo?"

Hakuwa nayo.

"Na haya yameshapashwa. Hayarudi jokofuni, baba. Huu si ukuta."

Bi Kipimo ndiye aliyemwaga. Yalikwenda na maji mara moja tu. Asubuhi nzima ya mtu, na shimo la sinki halikushiba.

*

Ngazi thelathini na sita kupanda ni nyingi kuliko kushuka. Kwenye ngazi ya kumi alitunga uongo mzuri: wamesema anakua haraka, wanataka mengine. Kwenye ya ishirini akautengeneza zaidi. Kwenye ya thelathini na sita alimwona mkewe amegeuzia uso mlangoni, akimngoja asikie kama mtoto amekula vizuri, na uongo wote ukamdondoka.

Akamwambia. Vipakiti viwili, mzaha, sinki. Na mililita mbili zilizomo tumboni.

Chozi moja lilimtoka mkewe likaingia sikioni, hakulifuta.

"Tangu alfajiri," akasema. "Tangu alfajiri najibinya."

"Najua."

"Hujui. Huna matiti." Akajisogeza kidogo, ameshika mshono. "Ungenyamaza ingekuwaje?"

"Yangekuwa tumboni mwake yote."

"Na ulisikia tu. Hukuona."

"Nilisikia tu."

Mkewe aligeukia ukuta. Fundi rangi alisimama na kikombe kitupu, akajiona ameshafiwa, mara mtoto, mara mke. Kisha mkono ukanyooshwa nyuma, kiganja juu.

"Nipe kikombe. Na mdomo wako ufunge. Ukinichekesha mshono utafumuka wote, tutazikwa wote wawili."

Alimshikia kikombe kwa saa mbili. Hakusema neno, na labda hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Matone yalikuja moja, likangoja, mawili, yakangoja. Saa nane kasorobo zilikuwa mililita kumi na tatu.

"Kumi na mbili zake," mkewe akasema, jasho limemlowesha. "Moja ya njiani, maana nakujua."

*

Saa sita tumbo lilikuwa ishirini na mbili. Saa saba, ishirini na mbili. Saa nane fundi rangi alirudi na kikombe, akanawa, akavaa joho, akasimama nyuma ya sista alipokuwa akizungusha utepe.

Sista aliusoma. Akauondoa, akauzungusha tena.

"Ishirini na mbili na nusu."

Nusu sentimita. Upana wa kucha ya kidole kidogo. Fundi rangi aliitazama kucha yake, na hakuna mzaha hata mmoja duniani uliokuja kumsaidia. Daktari aliitwa. Akaweka vidole viwili juu ya lile tumbo, akabonyeza, akasikiliza kwa chombo chake kidogo, akasikiliza tena, huku uso wake haumwambii mtu kitu. Mtoto alikunja miguu. Akawa mwekundu. Akajikaza kwa nguvu zote za kilo moja na gramu ishirini, na ndani ya nepi ikasikika sauti ambayo, kwa mtu mzima, ingeombewa radhi.

Daktari akafungua nepi. Fundi rangi akainama mbele ya wote, akakaribia mpaka sista akamvuta joho. Aliitafuta nyekundu. Aliitafuta kijani. Alikitazama choo kile kama hajawahi kutazama rangi maishani mwake.

"Njano," akasema. "Njano tupu. Haina kitu kingine ndani. Mimi naijua."

"Njano," daktari akakubali. "Na tumbo laini. Mpime tena."

Ishirini na mbili.

"Mpe kumi na mbili zake, polepole. Tutampima mpaka kesho." Akamtazama baba. "Sijasema yameisha. Nimesema mpaka sasa."

Na *mpaka sasa* hiyo ndiyo aliyolala nayo, na ndiyo aliyoamka nayo, na hakuna godoro lenye miiba mingi kuliko hilo.

*

Siku ya tatu, tumbo likiwa halijapanda tena, daktari aliruhusu unga urudi. Bi Kipimo alikuwa bado kazini. Kosa lake aliliandika mwenyewe kwenye kitabu cha makosa, kwa mwandiko wake, kabla ya kuambiwa. Lakini alikuwa amepungua. Hata joho lilimlegea.

Fundi rangi alimpa kikombe kidirishani. Alikuwa ameshamsimulia, juzi, habari ya choo chake cha buluu na chupa zinazolazwa kifudifudi. Hakujua kama ilimwingia.

Bi Kipimo akamimina, akainama kwenye mstari. Ishirini na tano. Akachukua kipakiti, akakiinua juu ili aliye nje akione. *Chwaa.* Akamimina, akakigonga kwa kidole. Pipa lilikuwa pale pale chini, hakulikanyaga. Alikilaza kile kipakiti kitupu kifudifudi mbele ya chupa, karibu na kioo, halafu akainua macho.

Fundi rangi alionyesha kidole kimoja.

Mizani ya asubuhi ile ilikuwa imeongezeka gramu kumi. Alikuwa na mzaha juu ya gramu hizo, mzaha wa mwaka mzima, umemjaa mdomoni. Akaufungia humo kwa meno. Mbele nyuma, mbele nyuma, Bi Kipimo aliitikisa chupa. Maji yalidondoka sinkini, jokofu lilinguruma, na yeye akasimama sikio karibu na kioo, akingojea mchaniko mwingine, mpaka alipoona kifuniko kimekaza.